Mto wa Tiba na Masharti Yake

Mtaani walimwita Bwana Pole, na mtaji wake wote ulikuwa neno hilo moja. Akikutana na mtu asiyemjua, humtazama kidogo, hutikisa kichwa, kisha humwambia taratibu, "Pole." Basi. Hapo hunyamaza akasubiri. Na ni mtu mzima gani mjini asiye na jambo la kupewa pole? Huyu atauliza, "Umejuaje kama ni jino?" Yule atasema, "Umejuaje habari za mume wangu?" Ukishamweleza shida yako kwa mdomo wako mwenyewe, yeye anayo dawa yake, tena bahati nzuri ameibeba kwenye begi.

Asubuhi inapoanzia habari hii, begi lilikuwa tupu na tumbo vilevile. Alikuwa amejibanza nyuma ya kiwanda cha kushona sare, akimkwepa mwenye nyumba wake, alipoona magunia ya vipande vya vitambaa yametupwa jalalani. Akatia mkono. Laini. Akachungulia dirishani. Ndani mafundi walikuwa wameinamia vyerehani, wamekalia vigoda vya mbao, na kila baada ya muda mmoja wao ananyoosha kiuno huku amekunja uso. Bosi, mtu wa tumbo na saa kubwa, alikuwa akipita katikati yao akimuuliza kila aliyenyoosha kiuno kama amekuja kushona au kucheza muziki.

Bwana Pole akatazama viuno, akatazama vitambaa, akamtazama Bosi. Moyo wake ukatulia, kama wa mtu aliyekuta chakula kimeiva na wenyewe hawapo. Angeshona mito ya kukalia, aijaze vipande vilevile, amuuzie Bosi taka zake mwenyewe kwa jina la tiba. Alikosa kitu kimoja tu, shahidi. Mtu aliyeumwa akapona.

Saa ya chakula mafundi wakatoka. Akabaki mama mmoja, amelala chali chini ya meza ya kukatia vitambaa, miguu imekunjwa, mikono kifuani.

"Mama, umepoteza nini?" Bwana Pole akauliza dirishani.

"Sindano."

"Mbona umefumba macho?"

"Naitafuta kwa kupapasa."

Huyo ndiye Mama Sindano. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu tangu kiwanda kifunguliwe hakijaona mtu wa kupoteza sindano kama yeye. Kila mchana lazima moja ianguke, na lazima aifuate huko chini. Ukweli ni kwamba mgongo ulikuwa ukimtesa tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, na mtoto huyo sasa ndiye anayemfunga kamba za viatu kabla hajaenda shule. Hospitali walimpa vidonge, wakamfundisha mazoezi, mwisho wakamwambia azoee. Akazoea. Lakini kwa Bosi hakuna kuumwa. Anayeumwa huenda kwao, na kigoda chake hupata mtu mwingine kabla hakijapoa. Kwa hiyo kila asubuhi Bosi akiuliza, "Hujambo?" Mama Sindano hujibu, "Sijambo," na tabasamu juu. Nasema bila kumwonea mtu: Bwana Pole, pamoja na sifa zake zote, alikuwa hajawahi kusema uongo mmoja kila siku kwa miaka asishtukiwe.

"Pole," akamwambia.

Wengine wangemwaga machozi hapohapo. Mama Sindano akasema, "Sijambo."

"Sijauliza hujambo. Nimesema pole."

"Na mimi nimekwambia sijambo."

Neno la Bwana Pole lilikuwa halijawahi kugonga ukuta namna hiyo. Akajaribu njia nyingine. "Dada yangu, mimi sina ugomvi na mtu. Nitamuuliza tu Bosi kama anajua kuna fundi analala kazini."

Mama Sindano akafumbua macho. "Unataka nini?"

Akamweleza. Ataleta mto, na yeye atasema mbele ya Bosi kwamba aliumwa, akaukalia, akapona.

"Nikikiri kwamba nilikuwa naumwa, atanifukuza."

"Si utasema umepona? Kujifanya mzima nani akufundishe? Wewe unapona kila asubuhi."

"Na wiki ijayo nikizidiwa?"

"Wiki ijayo mimi sitakuwepo," akasema Bwana Pole, na iandikwe kwamba huo ndio ukweli pekee aliousema mwezi huo.

Usiku Mama Sindano hakulala. Si kwa ajili ya Bwana Pole, maana hata kabla hajamjua alikuwa halali vizuri, lakini safari hii juu ya maumivu kulikuwa na hofu. Kigoda kile kibaya ndicho kilichowalisha watoto. Akikataa, anakipoteza kesho. Akikubali, anakipoteza siku mgongo utakapomsaliti mbele ya watu. Akageuka upande mmoja, akageuka wa pili, na alipopata upande usiouma sana, akapata na la kufanya.

Siku ya mto, Bwana Pole aliingia kiwandani na koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama, upande wenye madoa akiwa ameugeuzia ndani. Akamtazama Bosi. Akatikisa kichwa. "Pole."

"Ya nini?"

"Ya mafundi wako. Kila anayenyoosha kiuno, dakika hiyo ni yako inakwenda."

Bosi akaweka kalamu chini. "Umejuaje?"

Hapo kazi ilikuwa nusu imekwisha. Akautoa mto, akaeleza mitishamba iliyomo, akaeleza na isiyokuwemo, kisha akaita shahidi. Mama Sindano akasimama mbele ya wenzake. "Niliumwa mgongo miaka mingi, Bosi, nikakuficha. Nimekalia mto huu, sasa najiona msichana." Akaangusha sindano makusudi, akainama akaiokota, akainuka akitabasamu. Uso wake haukuonyesha maumivu yoyote. Mgongoni blauzi ilikuwa imelowa jasho, ila mgongo wake hakuna aliyeutazama.

"Nataka mito kama huu kwa mafundi wote," Bosi akasema.

"Ila masharti yake magumu," akasema Mama Sindano.

"Masharti gani?" Bosi akauliza. Bwana Pole naye nusura aulize.

"Daktari mwenyewe mstaarabu, anaona haya kuyataja. Kwanza, huukalii moja kwa moja. Kila nusu saa unainuka, unatembea hadi dirishani na kurudi. Baada ya chakula mafundi wote walale chali kidogo. Na meza za vyerehani ziinuliwe kwa matofali, mtu asishone ameinama. Mkivunja, mto unageuka."

"Unageukaje?"

"Unakula mgongo wa mwenye kiwanda."

Bosi akajishika kiuno. "Kweli hayo, Daktari?"

Bwana Pole akapiga hesabu ya haraka. Akimkana shahidi, amekana na kupona kwake. "Kweli kabisa," akasema. "Umeona wapi dawa isiyo na masharti?"

"Na lile la mwisho," Mama Sindano akaongeza kwa upole.

"Lipi?"

"La kwako, Daktari. Si ulisema utakaa nasi mwezi mzima, saa zote za kazi, juu ya mto wako, bila kuinuka wala kulala, ndipo ulipwe? Mwenye dawa akiumwa, dawa imekufa, halipwi kitu."

Katika maisha yake hakuna jambo Bosi alilolipenda kuliko kulipa baadaye. "Hilo ndilo sharti zuri kuliko yote," akasema, akamletea Bwana Pole kigoda. Na kwa kuwa mtu aliyekaa bure alimkera, akamletea pia sanduku la vifungo vya kushonea.

Kila kigoda kikapata mto wake, na kiwanda kikabadilika. Bosi yuleyule sasa alikuwa akipita akifoka, "Nani huyo amekaa muda wote huu? Inuka, unataka kuniua mgongo?" Baada ya chakula alisimama mlangoni kuhakikisha kila mtu amelala. Mgongo wa Mama Sindano haukupona, nisikudanganye, wadanganyifu wamo wa kutosha humu ndani. Zipo siku alizorudi nyumbani analia njia nzima. Lakini zilikuwepo na siku alizofunga kiatu kimoja mwenyewe, akamwachia mtoto kile cha pili, na siku hizo alifurahi sana.

Bwana Pole alishona vifungo. Wiki ya kwanza mto ulibonyea, akaanza kuhisi mbao. Wiki ya pili akahisi misumari. Mara kadhaa aliwaza kutoroka, lakini kila siku aliyokaa ilimfanya aone uchungu kuzitupa zile alizokwisha kaa. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka pajani. Usiku yalimwamsha. Asubuhi Bosi akimuuliza, "Hujambo, Daktari?" alijibu, "Sijambo," akajifunza kuweka tabasamu juu.

Mwezi ukiwa umekaribia ukingoni, mchana mmoja Bosi alitoka mlangoni. Mafundi walikuwa wamelala kwenye vitambaa vyao. Bwana Pole akasikiliza viatu vikienda mbali, akateleza kutoka kigodani, akajisukuma chini ya meza ya kukatia, chali, miguu imekunjwa, mikono kifuani. Akatoa pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

Viatu vikarudi. Bosi alikuwa amesahau miwani.

"Daktari. Unafanya nini huko chini?"

Mafundi wote wakafumbua jicho mojamoja.

"Natafuta sindano, Bosi."

"Ya kushonea vifungo? Umeiona?"

"Bado."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo, Bosi. Mzima kabisa."

Bosi akachukua miwani, akaenda zake.  Kisha Mama Sindano, aliyelala hapo jirani yake, macho ameshayafumba tena, akamwambia taratibu bila kugeuza kichwa, "Pole."

Bwana Pole akageuka kwa shida, machozi yakimlengalenga.

"Umejuaje?" akauliza.