Sello Dhidi ya Okestra

Wananchi wote wa Isaka na vijiji vya jirani walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landrova, kwamba Jumamosi ya tarehe 21 Julai, 1973, Taifa lingepiga hatua. Hatua ya kwenda wapi, haikutajwa. Ndugu Stanslaus Maduhu, Katibu wa Kamati ya Usawa wa Vyombo vya Muziki, ndiye aliyeandika tangazo, na kwa uzoefu wake mwananchi akishaambiwa anakokwenda huanza kuuliza atafika lini.

Chanzo cha hatua hiyo kilikuwa kijana mmoja wa Ushirombo, Gelasius. Padri wa misioni alikuwa amemfundisha kupiga sello, lile fidla kubwa ambalo mpigaji hukaa na kulibana kwa magoti, na padri aliporudi kwao Ulaya akamwachia. Gelasius akakaa miaka mitatu akitunga konseto: sello moja inatangulia, okestra nzima inaijibu. Alitaka kitu kimoja tu maishani, muziki wake usikike mara moja, wote, toka mwanzo hadi mwisho. Kwa hilo ilibidi apate kibali, na kibali kilikuwa kwenye mtoto wa meza ya Ndugu Stanslaus.

Kamati ilikaa vikao kumi na moja. Vinne vilijadili kwa nini mpiga sello akae wakati wenzake thelathini na wanane wamesimama. Ikaazimiwa kwamba akae, ila akae kama mtu aliye mbioni kusimama. Hapo Ndugu Stanslaus akamwita mtunzi.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba. Hapa umeandika sello peke yake. Peke yake kwa idhini ya nani?"

"Ni konseto, Ndugu. Ndivyo inavyokuwa. Sello inasema, wenzake wanaitikia."

"Kwa hiyo wanashindana."

Gelasius alikuwa mkweli, na ukweli umewaponza wengi katika ofisi zile. "Ni kama wanashindana," alisema, "lakini mwisho wanapatana."

"Kupatana ni kazi ya baraza la usuluhishi," alisema Ndugu Stanslaus, akaandika neno "mashindano" na kulipigia mstari.

Sasa mtu yeyote aliyekulia Usukumani anajua mashindano ya muziki yanavyokwenda. Mavuno yakiisha, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu huingia uwanjani siku moja, saa moja, kila kundi upande wake, na yote mawili hupiga ngoma kwa pamoja. Watu hukimbilia kule wanakovutwa. Upande ulioachwa umeshindwa, wala hahitajiki hakimu. Ndugu Stanslaus hakuwahi kusikia muziki ukiamuliwa kwa njia nyingine, na hakuona kwa nini wazungu wawe na njia yao. Akaamuru sello ikae upande wa mashariki wa uwanja wa Isaka, okestra upande wa magharibi, hatua mia moja na hamsini katikati, na zianze kwa filimbi moja.

"Lakini Ndugu, hawatasikiana!" Gelasius karibu alie. "Huu ni muziki mmoja. Umeukata kama muhogo."

"Nimeupa usawa. Na upande utakaoachwa utavunjwa, vyombo vyake vitaingia bohari, na kiongozi wake atapelekwa Ushetu kusimamia mabani ya kukaushia tumbaku."

Gelasius akatoka na kibali mkononi, uso wa mtu aliyetoka kuzika. Sello ingefungiwa bohari, panya wangeimaliza kabla ya masika. Kamati nayo ilipiga kura nani aongoze okestra, na kwa kuwa watu thelathini na wanane hawawezi kushindwa na mmoja, Ndugu Stanslaus alijipendekeza mwenyewe na kujikubali. Nota za muziki hakuzijua. Alijifunza kupunga mikono mbele ya kioo kwa wiki mbili, na mkewe, Mama Paskalina, alimwambia amependeza.

Siku ikafika. Mgeni rasmi alishuka kwenye treni kutoka makao makuu, akakalishwa upande wa magharibi, karibu na ushindi. Filimbi ikalia.

Tarumbeta za shule, magitaa ya bendi ya kinu cha pamba na kinanda cha misioni vikalipuka kwa pamoja. Watu wote wakajaa magharibi. Mashariki palibaki Gelasius, kiti chake, na Nyamizi, bibi mfuga ng'ombe ambaye alikuwa amechoka kutembea.

Gelasius akaanza kupiga. Nyamizi akasikiliza, akajifunga khanga upya, akapaaza sauti kuvuka uwanja: "Enyi! Njooni huku! Huyu mtoto analiza kitu!"

Wakaja wawili kumdhihaki. Hawakurudi. Wakaja kumi kuwatafuta wale wawili. Robo saa haikupita, magharibi pakawa na nyasi nyingi kuliko watu.

Ndugu Stanslaus hakutishika, maana okestra yake ilikuwa kamili. Hakujua kwamba okestra yake ilikuwa imepotea. Kila mpigaji alikuwa na karatasi yenye majibu, na swali lilikuwa linaulizwa hatua mia moja na hamsini kutoka pale. Thobias wa klarineti akasogea hatua tatu asikilizie zamu yake. Hakusikia vizuri, akasogea kumi. Wa tarumbeta wakamfuata Thobias. Wanaume wanne wakabeba kinanda mzegamzega, mpigaji akitembea nyuma yao na vidole tayari. Walipofika mashariki, wakaijibu sello pale hasa ilipouliza. Gelasius alikuwa anapiga huku machozi yanamtiririka, wala hakujali nani anaona.

Ndugu Stanslaus aliendelea kupunga. Katibu haachi kazi kwa sababu ya upungufu wa watumishi. Alipogeuka kumtazama mgeni rasmi, aliona dereva wa Landrova akikatiza uwanja na kiti cha mgeni kichwani, mgeni mwenyewe akitangulia kwa haraka.

Muziki ukaisha kwa kupatana, kama ulivyoandikwa. Mgeni rasmi akafuta macho, akauliza nani ameshindwa.

"Ndugu Mheshimiwa," alisema Stanslaus, aliyefika akihema, "kanuni inasema upande ulioachwa. Na okestra, kama unavyoona, imekuja yenyewe, kwa hiyo..."

"Okestra iko hapa," alisema mgeni. "Kule aliachwa nani?"

Stanslaus akatazama magharibi, kana kwamba pangetokea mtu.

"Soma matokeo," alisema mgeni.

Kikanuni, matokeo husomwa na Katibu peke yake. Akapanda juu ya Landrova. Kwa sauti yake ya kiofisi, bila kuruka neno, aliwatangazia wananchi kwamba upande wa magharibi umevunjwa na kiongozi wake ataripoti Ushetu Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Akaongeza, kwa mazoea, kwamba rufaa zipelekwe kwa Katibu.

Hakuna aliyegeuka. Nyamizi alikuwa amemshika Gelasius mkono, anamwambia arudie toka mwanzo.