Kifungu cha Nne cha Bakuli

"Kwa niaba ya raia wote wa Bukavu, waliotulia na wasiotulia, Ofisi ya Hati na Utulivu inatangaza rasmi kwamba haraka imefutwa."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni, kule Nyalukemba, likiwa na mihuri mitatu. Yote mitatu aliigonga Chef Ignace, mkuu wa ofisi hiyo, kwa mkono wake mwenyewe.

Hakukurupuka. Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku tatu, katika villa moja kando ya ziwa, ambako mzungu mmoja mpole sana aliwafundisha wakuu wa ofisi kufumba macho, kupumua, na kusikiliza bakuli la shaba kutoka Tibet. Unaligonga, au unazungusha kijiti polepole ukingoni mwake, nalo linaimba. Ignace alisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo hakuna mtu aliyemwomba sahihi. Machozi yalimlengalenga. Akarudi na bakuli, cheti, na mpango kazi.

Mpango ulikuwa na vifungu kumi na viwili. Cha nne ndicho alichokipenda zaidi: "Wakati wote bakuli linapotoa sauti, hakuna mtumishi wala raia atakayesema, kuinuka, au kufungua mlango." Wiki ya kwanza karani Steve alipiga chafya katikati ya mlio. Alisimamishwa kazi siku tatu ili pua yake ipate muda wa kutafakari.

Alhamisi asubuhi watu arobaini walikaa kwenye mabenchi. Wa kwanza kabisa alikuwa Maman Adolphine wa Mudaka, mpishi wa harusi na matanga.

"Chef, hii ni siku ya tatu niko nakuya. Ku masomo banafunga liste leo saa sita. Kama mutoto wangu Priscille hana acte ya kuzaliwa, exetat, ule mutihani ya mwisho, inamupita. Mwaka muzima!"

Acte yenyewe ilikuwa tayari, imeandikwa na kupigwa muhuri. Ilikosa sahihi tu. Ilikuwa mezani kwa Ignace, kiganja kimoja kutoka kwenye kalamu yake.

"Maman, uko na presha mingi. Kwanza utulivu, signature kiisha."

"Ule mutoto alisomaka usiku na mwangaza ya bujie, chef. Miaka sita."

Ignace alimwonea huruma, kwani si kosa la mtu kutoalikwa semina. Akaamua kumtibu palepale. Isitoshe, kifungu cha saba kilidai ushiriki wa raia, na ushahidi wa picha. Akamsimamisha mezani, akampa kijiti, akamwambia Georgette, sekretari wake aliyeketi pembeni, achukue video kwa simu.

"Zungusha tu, maman. Ikinyamaza, nitakusaidia."

Ignace mwenyewe hakuwahi kumaliza nusu dakika; bakuli lilikwaruza, likafa. Lakini Adolphine alikuwa amesonga bugali la muhogo la waombolezaji mia tatu, kwa mwiko mrefu kama yeye, bila kubadilisha mkono. Aligusa ukingo, akazungusha. Bakuli likaguna, kisha likaimba, na sauti ikapita chini ya mabenchi hadi mbavuni mwa watu. Ilikuwa nzuri, hakuna utani hapo. Muzee Cirhuza, wa pili kwenye foleni, alifumba macho akatabasamu. Adolphine mwenyewe alisikia pumzi yake ikishuka. Akaona hana haraka tena.

Dakika kumi. Arobaini. Saa nzima. Chai ya mchaichai, ambayo semina ilishauri inywewe thermos nzima kabla ya kutafakari, ilianza kumdai Ignace njia. Akakunja mguu mmoja, akakunja na wa pili. Akamkazia macho Adolphine: imetosha. Adolphine akaonyesha ile acte kwa kidevu, mkono wake haukusimama.

Choo kilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Lakini kwenda chooni kulitaka kuinuka, na kuinuka kulikatazwa na mihuri mitatu. Georgette alikuwa bado anachukua video ya kupelekwa mkoani. Steve, aliyemaliza adhabu yake juzi, alimtazama chef wake bila kupepesa macho. Ignace alivipitia vifungu vyote kichwani. Kusema, kuinuka, mlango. Kalamu haikutajwa popote.

Saa tano na robo akatia sahihi.

Adolphine akanyanyua kijiti. Sauti ikafifia taratibu mpaka ikaisha kabisa. Akaichukua acte kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, chef. Nimetulia."

Muzee Cirhuza alikuwa ameshafika mezani na kukichukua kijiti. "Maman, unazungushaka namna gani?"

"Sawa vile bugali, papa. Usikaze, na usiachiliye."

Akatoka mbio kutafuta pikipiki. Ignace naye alikuwa amenyanyuka nusu, bakuli lilipoanza tena. Akakaa. Georgette akamsogezea dosye ya pili, ya muzee.

Nyuma ya muzee walibaki watu thelathini na wanane, wote wametulia kabisa.