Nani Atangulie Kwenye Njia ya Mfereji

Jumatatu, 3 Juni

Nimedhalilishwa. Jana, mbele ya klabu yetu nzima ya baiskeli, kwenye njia ileile ya kando ya mfereji ambayo nimeiongoza tangu nilipostaafu. Njia haina gari hata moja. Haina kilima cha maana. Maji upande mmoja, miti upande mwingine, na mimi, Firmin, mbele. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Kisha Solenn. Muuguzi mstaafu wa meno kutoka Rennes, amehamia hapa Pontivy wakati wa Pasaka. Kabla hatujafika lango la maji la pili, pale mashua zinaposhushwa, akanipita, huku akiniuliza kama nimelala vizuri. Yaani alikuwa anaongea. Mimi hata pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Wengine wakamfuata kama vifaranga vya bata. Mke wangu Maryvonne alikuwa wa kwanza.

Jumapili ijayo tunapiga kura ya kiongozi wa safari ya kiangazi, kuteremka bonde la mto Blavet mpaka Hennebont. Kiongozi huvaa fulana ya njano na ndiye anayeamua tusimame wapi tule. Kazini nilikuwa na watu chini yangu. Siku hizi hata mbwa wa jirani haamki nikipita. Fulana ile siiachii.

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi ya siri alfajiri. Ukungu juu ya maji, mapafu yangu yanapiga filimbi. Nikapitwa na mama mmoja anayevuta kigari chenye watoto wawili. Mmoja akanipungia mkono. Sikumpungia.

Mzee Tugdual alikuwa pale anapovulia samaki kila siku, chini ya mteremko wa lango la maji, kwenye kiti chake cha kukunja. Akaniuliza kama nimepata pancha. Nikasema sijapata. Akatazama magurudumu, akanitazama mimi, akasema basi ni kitu kingine kilichotoka upepo.

Nimerudi nikifikiri. Miguu hainitoshi. Lakini shemeji yangu Hervé ana baiskeli ya umeme, ile ya kisasa ambayo betri na mota vimefichwa ndani ya fremu. Ukiitazama, ni baiskeli tu.

Jumatano, 5 Juni

Hervé aliuliza ya nini. Nikasema magoti. Akasema pole sana, chukua, ila naye mgongo unamsumbua na ua wa miti bustanini umerefuka mno. Nimekata ua mchana kutwa. Yeye na mgongo wake wamekaa kivulini na glasi ya mvinyo wa tofaa, wananielekeza. "Hapo kushoto umeacha manyoya, shemeji."

Mikono imekufa ganzi. Lakini baiskeli iko bandani kwangu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeruka! Sina neno jingine. Nilimpita Tugdual mpaka akashika kofia yake. Dosari ni moja, mota inalia. Mlio mwembamba, kama mbu aliyefungiwa chupani. Nitaimba.

Maryvonne ameikuta bandani. Akauliza ya nani. Nikasema Hervé ameniomba nimhifadhie. Akasema sawa, akatabasamu, akaenda kukaanga chapati za ngano nyeusi. Tumeoana zamani. Tabasamu lile silipendi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekutana na Solenn kwenye duka la mikate. Akaniuliza magoti yanaendeleaje. Hervé ana mdomo kama lango la maji lililovunjika. Nikajibu kwamba magoti yangu ni chuma. Alikuwa mbele yangu kwenye foleni, lakini akaniachia keki ya siagi ya mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Bwana Firmin, mimi hiyo kura wala siitaki. Njia za huku sizijui, nitawapoteza watu. Ongoza wewe, kama zamani."

Ujanja ulioje. Anataka nilegee. Keki nimeila. Sijalegea.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua. Nimeshinda bandani natibu ule mlio. Nimenunua kopo la mafuta ya kupuliza, nikapuliza mnyororo, pedali na kila kinachozunguka. Nimepuliza kwa ukarimu. Maryvonne akachungulia mlangoni, akauliza kama baiskeli za watu siku hizi huhifadhiwa kwenye mafuta kama dagaa. Nikamwambia kutu haina huruma.

Jumapili, 9 Juni

Naandika kitandani, nimevaa sweta mbili.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nilitangulia toka lango la kwanza, nikiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu. Nyuma nikasikia wanavyoshangaa. Solenn peke yake ndiye aliyejaribu kunifuata, tena anahema. Nikapunguza mwendo kidogo ili nimsikie vizuri.

Kisha ule mteremko. Chini yake Tugdual, kanipa mgongo. Nikabana breki ya nyuma. Kimya. Nikabana zote mbili. Zinateleza tu, kama nimebana siagi. Yale mafuta. Nikapiga kelele, lakini Tugdual alidhani bado naimba.

Kulikuwa na mzee, na kulikuwa na mfereji. Nilichagua mfereji.

Maji ya Juni ni baridi kuliko watu wanavyodhani. Mguu ukanasa kwenye fremu, na fremu yenye betri ni nzito. Ikaenda chini, nami nikaenda nayo. Kura sikuikumbuka. Nilikumbuka tu kwamba asubuhi sikumsalimu Maryvonne vizuri. Kisha mkono ukanikamata ukosi. Solenn, na nguo zake zote, na viatu vyake. Akaninasua mguu, akanivuta mpaka nikashika mpini wa wavu wa Tugdual.

Maryvonne alinikausha uso kwa skafu yake. "Ungekufa, mjinga wewe. Kwa ajili ya fulana." Kumbe alijua tangu Alhamisi. Hervé alikuwa amempigia simu kumpa pole ya magoti yangu na kuulizia baiskeli yake.

Tugdual akaiopoa baiskeli kwa ndoano. Ilitoka majini bado inalia. Watu wakainama kuisikiliza. Nikasema ni chura.

Solenn, akikamua soksi, akasema amesimama maisha yake yote kando ya mashine ya kutoboa meno, na chura wa namna hiyo anamjua. "Mlio si kitu. Mimi nilikuwa nakufukuza nikuambie breki zako zinadondosha mafuta. Nimekuita mpaka sauti imekauka. Ulikuwa unaimba."

Kura ikapigwa palepale ukingoni. Solenn aliomba jina lake lisitajwe. Langu halikuhitaji kuombewa. Wamemchagua Maryvonne. Mikono yote ilikuwa juu isipokuwa wangu, na huo ulikuwa umegandishwa na baridi. Mimi nimepewa kazi ya kukaa nyuma kabisa, na pampu.

Jumatatu, 10 Juni

Hervé amekuja kuitazama baiskeli. Mota imekufa. Ua wake ni wangu mpaka majani yapukutike, na wa mama yake pia. Nimekubali.

Nimempelekea Solenn maua. Nilimshukuru kwa dhati. Akayapokea, akayanusa, akauliza kama yametoka kwenye ua wa Hervé. Yalitoka huko.

Nimetafakari sana na nimejifunza. Mafuta hayapulizwi kwenye breki. Kosa lilikuwa hilo. Mpango wenyewe haukuwa na tatizo.

Alasiri Maryvonne alikaa mezani na ramani ya bonde, miwani puani, akipanga tutakula wapi. Alikuwa anajiimbia polepole. Sijamwona hivyo kwa muda mrefu. Nikamtengenezea kahawa, nikakaa kumtazama, moyo umejaa. Na hapo ndipo wazo likaja.

Baiskeli ya watu wawili. Mume na mke, pamoja, toka hapa mpaka Hennebont. Hervé anamjua mtu aliye nayo. Kiongozi ni Maryvonne, nani atabisha? Fulana atavaa yeye. Ila usukani uko kwenye siti ya mbele, na siti ya mbele imewekwa juu, ni ya mwenye miguu mirefu kama mimi.

Kesho nitamwambia ni kwa ajili ya mapenzi.