Karavani Yangu Ilikuwa Nzito Nyuma

Leo nimeaibika mpaka nimekosa pa kuweka uso. Nimekaa nje ya karavani yangu, juu ya jerikeni, naandika haya haraka kabla mtu hajawaletea video. (Iko. Nilimwona jamaa wa bodaboda ameinua simu.)

Kwa wageni wa kundi hili: mimi ni fundi wa mageti mjini Machakos. Mwaka jana nilianza kujijengea karavani, yaani nyumba ndogo ya bati juu ya magurudumu mawili, inayovutwa na pikapu. Mlangoni kuna sinki na meko ya gesi. Nyuma kabisa kuna kitanda, na mbele ya kitanda kuna pazia. Pikapu yenyewe ni ya zamani kuliko ndoa yangu na inakunywa dizeli bila haya.

Sababu ya kuijenga ni mama mkwe. Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima ya ukwe. Mkwe halali chini ya paa la mama mkwe. Kitanda cha mmoja hakiguswi na mwingine. Hata macho yasikutane bila sababu. Vijana wa siku hizi wamelegeza. Mama mkwe wangu, anayekaa Kola, hajalegeza hata nati moja. Kwa miaka kumi na moja, kila tukienda kumsalimia, mimi nalala kwa jirani yake, mzee anayekoroma na ambaye kuku wake wanalala ndani na sisi. Ndipo nikapata wazo. Nikija na nyumba yangu mwenyewe, nitalala kwangu, ila nitakuwa nimeegesha uani kwake.

Jana jioni tukafika Kola, mimi na mke wangu Mwende. Safari hii haikuwa ya kusalimia tu. Mama ana dada yake mkubwa, Syombua, kule Kithyoko. Dada huyo alivunjika nyonga na hatoki nyumbani. Hawajaonana kwa miaka minne. Basi linamuumiza Mama mgongo, na kwa dada yake kuna chumba kimoja kilichojaa wajukuu, hakuna pa kulala. Kila wakipigiana simu, Mwende anaishia kufuta machozi. Kwa hiyo tulitaka tumpeleke, na alale kwenye karavani pamoja na Mwende. (Mimi ningelala wapi? Hakuna aliyeniuliza.)

Leo asubuhi Mwende akamweleza wakiwa jikoni. Mimi nilikuwa nje ya ukuta, nikisikiliza kwa heshima.

"Mimi nilale kwa kitanda ya mkwe?" Mama akasema. "Watu wa Kola watasema nini? Hiyo sanduku hata kuingia siingii."

"Mama, ni kitanda tu."

"Mwende. Nimesema."

Mwende akatoka amevimba macho. Akaniambia tukishindwa leo hatutaweza tena, kwa sababu shangazi Syombua anazidi kudhoofika. Akaongeza kwamba kama karavani haiwezi kufika Kithyoko, afadhali niiuze kwa mtu wa chipsi. Nikamwambia aendelee kumbembeleza Mama. Mimi nitaenda Machakos mara moja kuweka dizeli, maana safari ya Kithyoko ni ndefu, na kujaza upepo tairi moja ya karavani iliyokuwa imelegea. Nikaenda kwanza kwa jirani kuazima jeki. Huko nikapewa chai, na ukipewa chai Kola huondoki haraka.

Niliporudi nikafanya ukaguzi wangu. Mnaujua, niliuandika hapa wiki iliyopita kwa majigambo. Chuma cha kuvutia kimekaa. Mnyororo wa usalama umefungwa. Waya za taa zimeingia. Gesi imezimwa. Mlango wa karavani ulikuwa wazi kidogo, nikamlaumu Mwende kimoyomoyo kwa uzembe, nikausukuma, nikatia komeo kwa nje. Komeo ni la geti, nililichomelea mwenyewe, ili mlango usifunguke njiani. Kwa ndani sikuweka kitu. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu atataka kutoka.

Nikaondoka.

Kilomita ya kwanza tu, nikahisi karavani inayumba. Mkia unaenda kushoto, pikapu inavutwa kulia. Nikapunguza mwendo. Sasa mnakumbuka nilivyowafundisha kuhusu uzito: vitu vizito viwekwe mbele ya magurudumu, kamwe si nyuma, ukiweka nyuma trela itacheza. Niliandika aya sita. Mtu akaniita profesa, na sikumkataza. Nikaanza kujiuliza kuna nini nyuma. Kitandani hakuna kitu ila godoro. Nikakisia Mwende amepakia gunia la mbaazi za mama yake bila kuniambia.

Kwenye zile kona za kupanda, nikasikia kitu kinagonga. Ko, ko, ko. Sufuria hizo, nikasema. Redioni kulikuwa na kwaya nzuri. Nikaongeza sauti.

Mwende akanipigia simu mara mbili njiani. Sikushika, kwa sababu mimi ni dereva mwenye nidhamu. Nilikuwa naangalia mshale wa mafuta. Ulikuwa unashuka mbele ya macho yangu, na mlima bado. Nikaihurumia pikapu. Nikahurumia mfuko wangu zaidi.

Nikafika kituo cha mafuta cha kuingilia mjini. Pale ilibidi nirudi nyuma kidogo ili tairi ifikie bomba la upepo. Kurudisha nyuma trela ni mtihani, kwa sababu ukikata kushoto yenyewe inaenda kulia. Na Machakos kila mwanamume aliyesimama ni mwalimu wa rivasi. Kulikuwa na walimu saba. "Kata, kata, kata ingine." "Wacha hapo." "Si ulikuwa umefika, mzee?" Nikagonga pipa la taka. Nikashuka nikitabasamu, kana kwamba ndivyo nilivyokusudia.

Watu wakaanza kuzunguka karavani. Mzee mmoja mwenye kofia akaja akasimama mlangoni, akakunja mkono wa shati.

"Presha mnapima bure?"

"Mzee, hii si kliniki."

"Na sukari?"

Mama mmoja mwenye kikapu akasimama nyuma yake. Halafu vijana wawili wa bodaboda nyuma ya huyo mama. Foleni ikawa imeanza. Dada wa pampu, aliyeandikwa Ndinda kifuani, akaniuliza kama nina kibali cha kutibu watu pale.

Hapo ndipo Mwende akapiga tena, nikashika.

"Umeona Mama?"

"Mimi? Nimwone wapi, na huwa hatuangaliani?"

"Haonekani. Simu yake iko hapa kwa chaja. Chai yake imepoa."

"Atakuwa ameenda kwa majirani," nikasema. "Mtu mzima hapotei." Nikakata simu nikiwa nimetulia kabisa. (Kumbukeni hilo neno, nimetulia.)

Nikageukia foleni. Nikaona nimalize maneno kwa kuwaonyesha. Nikawaeleza hii ni nyumba ya safari, nimeijenga kwa mikono yangu, siri yake ni mpangilio wa uzito. Nikasema leo imeyumba kidogo kwa sababu mtu ameweka mzigo nyuma, na sasa wataona wenyewe mzigo ni nini. Nikavuta komeo. Nikafungua mlango kwa madaha.

Pazia likasogea. Mama mkwe wangu akatoka.

Alikuwa ameshika viatu mkononi. Leso aliivuta ikafunika nusu ya uso, lakini nusu niliyoiona, nami sikutakiwa kuiona, ilikuwa na alama ya mto wangu shavuni. Nilitamani pipa la taka linimeze. Nikaligeukia bomba la upepo na kuanza kulisoma namba.

Nyuma yangu nikamsikia yule mzee wa kofia akisema, "Si unaona, ni kliniki. Huyo ametoka, sasa ni mimi."

Baadaye Mwende alinipa kisa chote kama alivyosimuliwa na Mama. Nilipoenda kwa jirani, Mama aliingia kuchungulia, mara moja tu, aone binti yake analala pa namna gani. Akabonyeza godoro. Akasema wacha nipime mgongo dakika moja. Usingizi ukamchukua. Akashtuka aliposikia nyayo zangu. Sasa fikirieni shida yake: akiita, mkwe atamkuta kitandani. Akanyamaza. Akasikia komeo. Akanyamaza. Pikapu ikaondoka, bado amenyamaza, mpaka kwenye zile kona ndipo uoga ukashinda haya akagonga. (Madirisha yalikuwa wazi, hewa ilikuwepo. Msiniandikie kuhusu hewa.)

Pale kituoni hakuweza kuongea nami moja kwa moja, na mimi sikuweza kumgeukia. Akamchagua Ndinda.

"Mwanangu, mwambie baba Mumbua nilikuwa nakagua usafi."

Mumbua ni binti yetu, yuko shule ya bweni, na nashukuru Mungu kwa hilo. Ndinda akaniangalia. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Anasema alikuwa anakagua usafi."

"Mwambie asante."

"Amesema asante."

"Mwambie niligonga mara tatu. Akaongeza redio."

"Mwambie anisamehe. Nilidhani ni sufuria."

"Anasema alidhani wewe ni sufuria."

Kituo kizima kikaangua kicheko. Yule wa bodaboda akasogea na simu yake apate picha vizuri. Masikio yangu yalikuwa yanawaka, na nilikuwa nimejaza tairi upepo mpaka Ndinda akaja kuninyang'anya bomba.

Ni yule mzee wa kofia aliyetuokoa. Alipoelewa kwamba hatapimwa, akaamua kuwa hakimu. Akakohoa, akasema kwa Kikamba kisha kwa Kiswahili kwamba nthoni ikivunjika hutengenezwa kwa mbuzi, na hakuna aliyekufa.

"Mwambie ni mbuzi mbili," Mama akamwambia Ndinda. "Moja ya kitanda. Moja ya redio."

"Mwambie nimekubali."

Nikasikia Mama anavaa viatu, anajinyoosha, anapiga hatua mbili tatu za kujaribu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwambie mgongo hauumi. Nimelala vizuri, sijalala hivyo tangu mvua ya mwaka jana."

Ndinda alianza kunifikishia, nikamwinulia mkono. Nilikuwa nimesikia. Jambo tulilokuwa tumeshindwa nalo asubuhi nzima lilikuwa limesimama pale kando ya pampu, likijinyoosha.

"Hapa na Kithyoko ni mbali?" Mama akamuuliza Ndinda.

"Ni mbali, mama. Lakini barabara ni nzuri."

"Basi mwambie aweke mafuta ya kufika. Na ya kurudi. Mimi sirudi na basi."

Nikajaza tangi. Sikuangalia hata mashine inasoma ngapi, na mnajua mimi si mtu wa kutoangalia. Mwende akaja na bodaboda, amebeba begi la Mama na simu yake, analia na kucheka kwa pamoja. Ndani ya karavani hakuna mtu kupanda tena barabarani, hilo nimeliandika kwa kalamu nene mlangoni. Tukabanana mbele ya pikapu: mimi kwenye usukani, Mwende katikati akiwa ukuta, Mama dirishani. Njia nzima karavani ilifuata nyuma imetulia tuli. Kwa hiyo hesabu yangu ya uzito ilikuwa sahihi, profesa bado ni profesa.

Tulifika Kithyoko saa tisa. Shangazi Syombua alikuwa ameambiwa kwa simu. Alikuwa ametoka nje na fimbo yake, akakaa kwenye kiti karibu na lango, na wajukuu wakasema amekaa hapo tangu saa sita. Mama alishuka kabla sijazima injini. Walishikana mabega wakabaki hivyo, na Mwende akanigeukia akanifinya mkono. Nilifurahi, nasema ukweli wangu. Miezi yote ile ya kuchomelea bati, hata vile vidole nilivyovichoma, vilikuwa vimelipwa.

Sasa ni jioni. Wazee wote wawili wako ndani ya karavani, juu ya kitanda changu, pazia limefunguliwa. Mama anasimulia. Ni mara ya tatu, na kila mara redio yangu inazidi kupiga kelele. Wakifika kwenye sufuria, shangazi Syombua anaomba aachwe apumue, nyonga inauma akicheka. Kesho kabla ya kitu kingine nitachomelea mpini wa ndani. Na kwenye orodha ya ukaguzi, baada ya gesi, ongezeni: fungua pazia.

Sasa hivi Mwende ametoka kunipa blanketi. Mama ameamua: karavani ni nyumba ya Mwende, si ya mkwe, kwa hiyo nthoni haimhusu, na wanawake watatu watalala humo. Mimi niko na pikapu. Nimejaribu kujinyoosha, miguu inatokea dirishani.

Tafadhali asicheke mtu. Nilijenga nyumba hii ili nisilale kwa mama mkwe, na nimefaulu.