Kilango cha Mkurugenzi Nashoni

Kwa Wakurya, mkwe na mama mkwe hawaonani ovyo. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Nashoni aliijua sheria hiyo tangu utotoni, akaigeuza tangazo la biashara.

"Laini moja ya intaneti, wateja kumi!" alijigamba kwenye ghorofa la wanunuzi wa dhahabu, Tarime. "Lakini nawajengea kuta za hewani, kila mtu na mtandao wake. Hawaonani, kama mkwe na mama mkwe!"

Enzi hizo dhahabu ya machimbo ya Nyamongo ilimpa kila mtu cheo. Nashoni, fundi wa nyaya, alikuwa Mkurugenzi.

Faraji, mnunuzi wa dhahabu, akamuuliza, "Na wewe unaona kwa nani?"

"Kwa wote! Nimejiachia kilango kila ukuta. Mfalme hapigi hodi kwake!"

"Kifunge, ndugu yangu. Ukuta wenye mlango wako si ukuta wangu."

Nashoni akacheka mpaka akapaliwa.

Chini ya ghorofa hilo, Mama Wegesa alikuwa na mgahawa, naye ni mteja. Jumamosi ile wazee wa ukoo walikaa humo waamue kama Nashoni apewe binti yake, Wegesa.

Juu, chumbani kwake, Nashoni alikuwa na bukta tu, akifanya mazoezi ya hotuba ya shukrani. Kioo chake kilitosha kidevu. Mwili ule ulistahili runinga! Akafungua kamera ya simu, airushe picha kwenye runinga yake ya ukutani. Kwa kuwa simu yake ilipita kilango cha kila ukuta, runinga za jengo zima zikajitokeza kwenye orodha. Akagusa ya kwanza, akidhani ni yake.

Runinga yake ikabaki nyeusi. "Inapata moto," akasema, akatunisha kifua. "Mama mkwe! Hapa umepata fahali!" Akazungusha kiuno.

Chini yakalipuka mayowe.

"Wamefunga bao!" akasema, akaongeza madoido.

Mgahawani, Mama Wegesa alijifunika kitenge usoni, akapapasa mlango. Mzee Marwa, shemeji yake, alihangaika kumziba fahali wa runingani kwa kofia.

"Zimeni!"

"Rimoti imekataa, Tata!" mhudumu akalia.

"Basi kamwambieni avae suruali. Akishavaa, aende kwao!"

Wegesa mwenyewe akapanda ngazi. "Si ulisema hawaonani?"

"Kuta ni imara, Wegesa! Ni kale kalango tu..."

"Mama amekuona."

Nashoni akaketi sakafuni.

Kilango kile kilimgharimu ng'ombe mmoja wa kuomba radhi, na mchumba. Wazee walimpokea ng'ombe tu.