Kuhusu Kaburi la Maua Mlilonijengea Barazani

Kwa Bi Twaiba,
Mwenyekiti, Kikundi cha Kupendezesha Mji,
Msambweni.

Bi Mwenyekiti, mwanangu,

Marahaba. Lau tungeonana ungeniamkia, kwa hivyo naitikia kabisa tusipoteze wakati. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Madarasa matatu niliyosoma mie ni sawa na kumi ya siku hizi. Na kwa asiyenijua, mimi ndimi niliyepika pilau ya kila harusi ya maana kutoka hapa hadi Galu, wala haijapata kunigandia chini ya sufuria.

Nyinyi mnajitolea kupanda maua mjini bila ya kulipwa. Ahsanteni. Maduka yote mmeyawekea mapipa yaliyokatwa nusu, yakatiwa udongo na maua mekundu. Mbele ya baraza yangu mmejenga sanduku la mawe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sanduku hilo ni kaburi. Urefu wake ni wa mtu mzima. Nimelala kando yake nikapima, na aliyeniona akapiga ukemi. Limelala mashariki magharibi. Udongo mmeutunisha katikati. Mmesimamisha jiwe huku na jiwe huku, ati ya kufungia kamba mbuzi wasile. Kisha mkapanda nini? Mrehani! Hesbon aliyelijenga simlaumu, yeye ni mtu wa bara, kwao mrehani ni majani ya kunukia tu. Lakini wewe Twaiba, mzaliwa wa hapa, umeona wapi mrehani ukapandwa namna ile pasiwe na mtu chini?

2. Wapita njia wanasimama, wanainua mikono, wanasoma Fatiha. Nami nimekaa papo hapo nanywa kahawa. Wakimaliza wananipa pole na kuniuliza marehemu alikuwa nani wangu. Nawajibu ni mimi. Wanazidi kunihurumia.

3. Habari imefika Vanga. Dada yangu Bimkubwa kaja na gari zima la watu kwa njia ile mbovu, wanalia tangu Lunga Lunga, wakanikuta natafuna muhogo. Badala ya kufurahi wakanikasirikia. Bimkubwa kasema safari ile hairudii; siku nikifa kweli nijizike.

4. Harusi ya Muhsina, binti wa jirani yangu, amepewa Idris kupika. Idris! Mtu apikaye wali ukatoka uji. Nilipouliza nikaambiwa hawakutaka kunisumbua huko nilikopumzika. Wallahi hili ndilo lililoniuma. Mpishi asiyeitwa harusini, hilo sanduku lina kosa gani tena kumngoja?

5. Mke wangu Mwanasha analetewa vyakula na majirani wa kumfariji, naye anapokea. Vingine hanigawii, ati ni vya mfiwa.

6. Mzee Chome ameuliza eda inaisha lini.

Kwa hivyo naomba, kwa heshima na taadhima, sanduku livunjwe kabla ya Ijumaa, nami nipewe pipa kama wenzangu, lipandwe pilipili. Pia kikundi chote kipite mjini na kipaza sauti kikitangaza kwamba niko hai, kianzie mlangoni kwa Chome. Mkishindwa nitahamia kwako, Bi Mwenyekiti, nilale sebuleni, na sitatoka, maana maiti hafukuzwi.

Nisalimie wanakikundi wote, mumeo, mama yako na kuku wake. Hesbon mwambie ujenzi wake ni imara, ila akajenge kwingine.

Ni mimi, mzima, na meno yangu mengi bado,

Mwinyihaji Randu,
Mpishi wa Harusi.

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua nimesikia kwamba Mbwana muuza viatu, aliye mkabala nami, amewaomba sanduku hilo mkamjengee yeye, ati watu wasimame mbele ya duka lake. Mbwana! Mtu asiyesimamiwa hata na mbuzi! Nani atamsomea Fatiha yule? Sanduku lisiguswe. Mrehani wa upande wa miguuni umenyauka, leteni mwingine. Na jiwe la kichwani liandikwe jina langu lote kwa rangi nyeusi, herufi kubwa zisomeke tangu barabarani, asije mtu akadhani aliyelala pale ni Mbwana.