Kibali cha Kufurahi

Kwa furaha isiyozidi kiwango kinachoruhusiwa, Tume ya Staha Uwanjani ya Boca Mansa inawatangazia wananchi kwamba ushangiliaji holela katika besiboli umekomeshwa. Kuanzia msimu huu, kijana atakayeupiga mpira ukavuka ukuta ataliweka gongo chini kwa mikono miwili, atatikisa kichwa mara moja, kisha atazunguka vituo vyote vinne kama mtu anayekwenda posta. Akitaka zaidi ya hapo, Kifungu cha Tisa kinamruhusu: ajaze fomu siku tatu kabla, akitaja aina ya furaha, muda wake na sababu. Pigo la furaha isiyo na kibali halihesabiwi.

Mimi, Fausto Encarnación, ndimi Katibu wa Tume na mtunza daftari la mapigo. Kifungu hicho nilikiandika kwa mkono wangu, na nakipenda.

Wa kwanza kunufaika nacho alikuwa Yeifri Mateo, miaka kumi na sita, mpigaji wa timu ya Kaa: nywele rangi ya ndizi mbivu, viatu vya waridi, mkufu mnene. Jumapili, katika nusu fainali, aliutuma mpira hadi juu ya paa la duka la vinywaji, akalirusha gongo hewani, akazunguka vituo amekunjua mikono kama ndege mwari. Nikalifuta pigo. Kaa wakatolewa, Wana-Kinu wakaingia fainali. Kwamba Wana-Kinu ni timu ya Don Eligio Peguero, na kwamba Don Eligio ndiye Mwenyekiti wa Tume, ni sadfa tu ambayo watu wenye roho mbaya wameisemea sana.

Jumatatu kijana alikuja ofisini.

"Mzee Fausto, fainali wanakuja wasaka vipaji kutoka Marekani. Nisipocheza hawanioni. Na mama keshautangazia mtaa mzima."

"Ungeomba kibali."

"Siku tatu kabla ningejuaje kama nitaupiga?"

"Mipango, kijana. Nchi haiendi bila mipango."

"Na mrushaji akitaka kulia, naye anajaza fomu?"

"Hiyo iko kwenye rasimu."

"Duh! Basi nipe hicho kitabu cha sheria nikakisome."

Nikampa. Nilifarijika sana kuona kijana wa leo anasoma.

Alhamisi alirudi, mpole kabisa, akaomba kujirudi. Asubuhi ya fainali Don Eligio angewaonyesha wananchi Ushangiliaji Rasmi, na onyesho lingeingia daftarini kama sehemu ya mchezo. Yeifri akajitolea kumrushia mipira laini. Niliona sheria imemkomaza.

Hapo lazima niseme jambo ambalo Boca Mansa hatulisemi mbele yake. Don Eligio alicheza misimu kumi na mmoja, na hakuwahi hata mara moja kuuvusha mpira ukuta ule.

Siku ilipofika alikosa mipira mitatu mfululizo. Mkuu wa mkoa, mgeni wetu rasmi, akaanza kutazama simu.

"Mzee, usifumbe macho!" Yeifri akampigia kelele. "Huu nakuletea mezani!"

Mlio ulikuwa mkavu. Mpira ukapanda, ukapanda, ukapotelea nyuma ya ukuta. Uwanja mzima ukasubiri gongo liwekwe chini kwa mikono miwili.

Don Eligio alilirusha juu kwa nguvu zake zote. Kituo cha pili alicheza densi ya merengue peke yake, mkono mmoja tumboni. Cha tatu alikipigia magoti akakibusu. Alifika cha nyumbani analia, vifungo viwili vya shati vimeruka, na mimi pia, nakiri, machozi yalinitoka.

"Fausto! Iandike!"

"Kibali kiko wapi, Mwenyekiti?"

"Nimesubiri miaka arobaini na nne!"

"Ungeomba siku tatu kabla."

Jukwaa zima likaangua kicheko.

"Basi nakifuta hicho kifungu! Sasa hivi!"

"Kukifuta ruksa, mzee," alisema Yeifri, akichomoa kitabu mfuko wa nyuma. "Ila soma Kifungu cha Thelathini na Moja. Sheria ikifutwa, inahesabika imefutwa tangu tarehe mosi ya mwezi. Jumapili yangu imo humo."

Don Eligio akawatazama Wana-Kinu, wamejipanga mstari, viatu vinang'aa. Akautazama ukuta. Akawatazama tena vijana wake. Akaurudia ukuta.

"Nipe kalamu."

Niliyaandika mapigo yote mawili ukurasa mmoja. Kaa walicheza fainali, na wasaka vipaji waliandika sana kila Yeifri aliposhika gongo. Wana-Kinu walikaa jukwaani na sare zao, wakitafuna karanga. Mwenyekiti alikaa mbali nao, ameupakata mpira wake.

Baada ya mchezo Yeifri alimpitia.

"Mzee, pale kituo cha pili ulitisha. Kiuno tu ndicho bado kigumu. Jumanne tuna mazoezi, njoo."

"Kijana, mimi ni Mwenyekiti wa Tume ya Staha."

Jumanne alikuja. Najua kwa sababu nilikuwepo, safu ya nyuma, najifunza hatua.